Bi Anezina Arudi Kimolos

Asubuhi hiyo bandari ya Pirea ilikuwa na msongamano wake wa kila Septemba. Malori ya saruji na ya matikiti yalikuwa yakiingia kinyumenyume ndani ya meli, mabaharia wakipiga miluzi na kuyapiga ubavuni kwa viganja kama watu wanaoingiza ng'ombe zizini. Muuza koluri, ile mikate ya duara yenye ufuta, alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, chini ya nguzo ya taa iliyopinda. Stamatina alinunua miwili. Mmoja akaufunga kwenye karatasi na kuutia mkobani. Wa pili akampa mama yake, ambaye alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita.

"Una ufuta huu?" mama yake akauliza.

"Una ufuta, mama."

Bi Anezina akaupapasa mkate wote kuzunguka, kama mtu anayehesabu shanga, akaridhika. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na kifo hakikuyaponya. Alikuwa amevaa gauni jeusi alilozikwa nalo, viatu vyeusi vya kamba, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa nyuma kwa namna ya wanawake wa Kimolos. Kila alipotikisika, udongo kidogo ulimdondoka miguuni, mkavu na mwekundu, kama unga wa pilipili.

Mkono mmoja Stamatina alimshika mama yake kiwiko. Wa pili ulibeba sanduku la bati, jipya, lenye picha ya mama yake mbele na msalaba juu. Sanduku lilikuwa tupu.

Pirea haina nafasi ya wafu wengi. Mtu huzikwa, hupewa miaka mitatu ya kulala, kisha jamaa huitwa, kaburi likafukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa divai nyekundu na kutiwa sandukuni, na shimo likapewa mwingine anayelihitaji. Bi Anezina alipofukuliwa mara ya kwanza alikutwa mzima, hajaoza. Mchimba kaburi alitikisa kichwa, akamrudishia udongo, akasema hutokea, hasa kwa watu waliokunywa dawa nyingi. Juzi alifukuliwa tena, na safari hii alikuwa mzima kuliko mara ya kwanza. Aliketi kitako, akajipangusa mabega, akauliza meli ya Kimolos inaondoka saa ngapi. Mchimba kaburi alimjibu kwamba aulizie, maana Septemba ratiba zinabadilika.

Padri, Papa-Nikitas, alifunga kitabu chake cha sala huku kidole kikiwa ndani.

"Huyu ana jambo," alisema. "Mtu akidhulumiwa na wa kwake, na asiombwe radhi, ardhi haimli. Aombwe. Akishatamka kwamba amesamehe, atakwenda. Si mimi ninayeyasema haya, ndivyo ilivyo."

Alimtazama Stamatina. Stamatina aliitazama chupa ya divai aliyokuja nayo. Getini palikuwa na familia ya dereva mstaafu wa tramu, wamekwishashusha maua yao, na kwa heshima kabisa waliuliza kama shimo liko tayari.

Stamatina alimpigia simu ndugu yake, Frangiskos, mwenye duka la vigae vya bafuni.

"Mpeleke wewe," Frangiskos alisema. "Mimi leo nina kontena linashuka."

"Na nimwambie?"

"Umwambie nini? Mtu kafa, Stamatina. Mwache apumzike."

"Hapumziki, Frangiskos. Ndiyo maana nakupigia."

"Basi mpe salamu zangu," Frangiskos akasema, akakata.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika mwaka wake wa mwisho, Bi Anezina alikuwa akikaa Pirea kwa binti yake, na alichokuwa akikitaka duniani ni kufanyiwa macho, ili arudi Kimolos akaione nyumba yake. Siku moja wanawe walimvalisha vizuri wakampeleka kwenye ofisi fulani. Stamatina alimwambia, "Tia saini hapa mama, ni ya macho." Akamshika mkono, akauongoza. Ilikuwa ni ya kuuza nyumba ya Kimolos, na mnunuzi alikuwa daktari wa meno wa Athene aliyetaka kuipangisha kwa watalii. Fedha ziliingia kwenye duka la vigae, nazo hazikulifaa sana. Macho hayakufanywa. Miezi kadhaa baadaye Bi Anezina alikufa usingizini, na kwa kuwa aliusia hivyo, walimzika na ufunguo wa nyumba yake mfukoni. Stamatina ndiye aliyeutia, kwa mkono wake, huku akijua kwamba kitasa kilikwishabadilishwa.

Ufunguo huo ulikuwa bado mfukoni. Bi Anezina aliugusa mara kwa mara, kama mtu anavyougusa mfuko akiwa kwenye umati. Stamatina aliuona kila alipougusa. Alikuwa amekata shauri kwamba atasema yote melini, kabla ya Kimolos, ili mama yake asije akayasikia kutoka kwa mlango.

Kwenye mlango wa nyuma wa meli, karani mwenye shati jeupe aliangalia tiketi.

"Tiketi moja, watu wawili," alisema.

"Mama ni marehemu," Stamatina alisema. "Sanduku lake hili hapa."

"Dada, marehemu akiwa ndani ya sanduku ni mzigo wa mkononi. Akiwa nje ya sanduku anakaa kwenye kiti. Akikaa kwenye kiti anakata tiketi."

"Ana miaka themanini na sita."

"Basi nusu nauli, kama wazee wote. Bibi, angalia kizingiti hapo."

Ndani, ukutani kwenye sehemu ya magari, kulikuwa na rafu za mizigo, kila rafu na jina la kisiwa: Kithnos, Serifos, Sifnos, Kimolos. Baharia mmoja alitaka kulipokea sanduku alipange kwenye rafu yake. Bi Anezina alilivuta kwake.

"Hilo silo la rafu," alisema. "Hilo ni langu la kulalia."

"Sawa bibi, lakini usiliweke njiani, watu wanajikwaa."

Wakapanda ngazi. Bi Anezina hakukubali kukaa ndani, kwenye viti vya kitambaa na baridi ya mashine. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya meli, kwenye benchi la mbao lililo chini ya bomba la moshi, mahali alipokaa kila safari tangu alipokuwa bibi harusi, kwa sababu pale pana joto na upepo wa kaskazini haupigi. Ilikuwa meli nyingine, lakini benchi la chini ya bomba huwa lipo. Aliweka sanduku magotini na mikono juu ya sanduku. Meli ikapiga honi, ikang'oa nanga, Pirea ikaanza kurudi nyuma na maghorofa yake.

Stamatina alivuta pumzi.

"Mama," alianza.

"Ngoja nisikilize," Bi Anezina akasema. "Injini hii ina kikohozi."

Walisikiliza injini mpaka nchi kavu ilipopotea.

Kijana mfagiaji alipita na ufagio wake na kizoleo. Alifagia vifuniko vya chupa, vipisi vya sigara na udongo uliokuwa chini ya miguu ya Bi Anezina. "Bibi, inua miguu kidogo," alisema. Bi Anezina akainua. Kijana akaukusanya udongo wote, akaenda ukingoni, akautupa baharini. Aliporudi, udongo mwingine ulikuwa umedondoka.

"Utanimaliza leo, bibi," alisema.

"Nami nitamalizika," Bi Anezina alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Kabla ya Kithnos Stamatina alifungua mdomo mara ya pili, na hapo ndipo Loukia alipotokea. Loukia alikuwa jirani yao wa Kimolos, ukuta kwa ukuta, umri mmoja na Bi Anezina kama Bi Anezina angeendelea kuishi. Alikuwa anatoka Pirea kwa daktari, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na plasta, mkononi mfuko wa nailoni wenye viatu vya kuvalia hospitali. Kwa jicho lililobaki alimtambua kutoka mbali.

"Anezina! Hee! Si tulikuzika wewe?"

"Mlinizika, na mvua ikawanyea. Nilisikia mkilalamika."

"Nilikuwa na viatu vipya, bibi wee. Sogea huko." Loukia akakaa, akambusu mashavu yote mawili, akafuta udongo mdomoni kwa kiganja. "Umepungua kidogo, lakini rangi unayo. Stamatina, mwanangu, mbona wewe ndiye unayefanana na maiti?"

"Sikulala vizuri, shangazi."

"Hata mama yako hakulala vizuri, na anapendeza." Jicho la Loukia likashuka kwenye mkoba. "Hiyo nini, divai?"

"Ni ya kuoshea mifupa."

"Mifupa ipi? Mifupa imevaa nguo na imekaa hapa. Hebu mimina, tusiipeleke divai ya watu matembezi."

Stamatina alileta vikombe vya plastiki kutoka mgahawani, pamoja na kipande cha pai ya jibini. Akatoa pia kifurushi cha ubani alichopewa na padri, kwa sababu kilikuwa kimekaa juu ya kizibuo. Loukia alikinusa.

"La kuvunda halina ubani," alisema. "Na wewe Anezina umekataa hata kuvunda. Basi ubani huu wa nini?"

Bi Anezina alicheka mpaka udongo ukamtoka mikononi. Alikunywa divai taratibu. Ilipita ndani yake na kutokea chini ya benchi, nyekundu, ikaloweka udongo, na palepale pakanukia shamba baada ya mvua. Mwanamume aliyekuwa na mbwa karibu yao aliuvuta ukamba wa mbwa wake, asije akailamba.

Pale Kithnos walishuka watu wachache na friji moja. Pale Serifos Bi Anezina aliijua bandari kwa mlio wa mnyororo, akauliza kama mji bado uko juu kilimani. Loukia akamwambia uko, ungekwenda wapi. Bi Anezina akaanza kusema atakayofanya akifika. Kwanza kufungua madirisha yote. Pili kupiga chokaa ukuta wa uani, maana Frangiskos hajui kupiga chokaa, anapaka kama anayepaka siagi. Tini nazo zitakuwa zimeiva, na kama hakuna aliyezichuma, manyigu watakuwa wamejaa. Halafu kitanda. Alitaka kulala usiku mmoja tu kwenye kitanda chake cha chuma, kile kilicho karibu na dirisha. Asubuhi yake atakwenda makaburini kwa mumewe, kwenye kijumba cha mifupa cha ukoo, ambako Yakumis alikuwa akimngoja miaka mingi na bila shaka amenuna.

Loukia aliyasikiliza hayo yote huku amekodolea macho kikombe chake. Kimolos ni kisiwa kidogo, kila mtu alijua nyumba ilikwenda wapi, na Loukia alijua kabla ya wengine, kwa sababu mafundi waliokuja kuukata mtini walimwomba yeye kamba. Alimtupia Stamatina jicho lake moja. Jicho hilo lilisema, bado? Stamatina akatikisa kichwa, bado.

Baina ya Serifos na Sifnos upepo uliongezeka, watu wakaingia ndani, wakabaki wao watatu, na mwenye mbwa.

"Tuambie jicho," Bi Anezina akasema. "Liliuma?"

"Halikuuma hata chembe. Walinitia matone, wakawasha taa, daktari akawa anaongea na nesi habari za mpira. Kabla hawajafika kipindi cha pili nikaambiwa inuka."

"Na saini ulitia?"

"Nilitia kidogo, kwa nesi, juu ya goti langu. Kalamu yenyewe ilikuwa haiandiki."

"Mimi walinipeleka ofisini," Bi Anezina alisema.

Loukia alishika mfuko wake wa nailoni akaanza kuufunga fundo.

"Kulikuwa na mtu anayenukia manukato," Bi Anezina akaendelea, kwa sauti ileile aliyosemea tini. "Alisoma, alisoma, mpaka usingizi ukanichukua. Nikaamka anasema, upande wa kusini njia ya kanisani, upande wa mashariki nyumba ya Loukia mjane wa Petros. Nikajiuliza moyoni, Loukia anaingiaje kwenye jicho langu? Lakini sikusema kitu, nikaona labda ndivyo wanavyofanya Pirea. Mihuri ikagongwa. Kisha wakaninunulia aiskrimu." Aligeuza uso upande aliposikia pumzi za binti yake. "Miaka mitano nimelala kule chini, Stamatina, nikijiuliza jicho langu lina mpaka gani wa mashariki."

Loukia aliinuka.

"Naenda msalani," alisema, akaondoka akishika vyuma, na hakurudi kwa muda mrefu.

Meli ilipanda wimbi, ikashuka. Stamatina alikuwa ameyapanga maneno yake tangu makaburini, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Hakupata hata moja.

"Tuliiuza, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa daktari wa meno. Wa Athene."

"Anakaa humo?"

"Hapana. Anapangisha wageni. Wanakuja siku chache, wanaondoka, wanakuja wengine."

"Nani analala chumba changu?"

"Hao."

"Wanatandika?"

"Kuna mwanamke anakuja kutandika."

Bi Anezina alilizungusha sanduku magotini, akaigusa picha yake kwa kidole gumba.

"Frangiskos alipata nini?"

"Alilipia duka."

"Na wewe?"

Stamatina aliangalia bahari. "Madirisha, mama. Tulibadilisha madirisha. Ya aluminiamu."

"Yanafunga vizuri?"

"Yanafunga."

"Upepo hauingii?"

"Hauingii, mama."

"Afadhali," Bi Anezina akasema. "Yale ya zamani yalikuwa yanalia usiku kucha."

Hapo Stamatina alipiga magoti kwenye sitaha, juu ya ule udongo uliolowa divai, akamshika mama yake miguu. Mwenye mbwa aligeukia upande mwingine.

"Nisamehe, mama. Nilikushika mkono nikijua. Sema umenisamehe."

"Nikisema, itakuwaje?"

"Padri kasema utapumzika. Utayeyuka. Nitakuosha kwa divai, kama imebaki, nitakutia humu sandukuni nikupeleke kwa baba."

"Nitayeyuka hapa hapa?"

"Hapa au kule."

Bi Anezina alifikiri. Ufagio ulisikika ukija kutoka upande wa pili wa sitaha.

"Nikilisema neno hilo hapa nitakuwa udongo kwenye benchi, na yule kijana mwenye bidii atanifagia anitupe baharini kabla hujafungua mfuniko," alisema. "Silisemi. Si kwamba sina. Ninalo. Lakini ninalitaka lisemwe nyumbani kwangu, asubuhi, nikishalala usiku mmoja kitandani mwangu. Inuka, unachafua soksi."

Stamatina aliinuka. Kijana alifika, akafagia.

Pale Sifnos Loukia alirudi akiwa amenunua kashata za ufuta, akagawa, wakatafuna, Bi Anezina yake akaitia mfukoni pamoja na ufunguo. Kisha meli ikapiga honi kwa mara nyingine, na mbele yao pakatokea Kimolos, nyeupe chini na ya kijivu juu, na bandari yake ndogo ya Psathi yenye mikahawa miwili na bata wanaotembea kati ya meza.

"Nimeisikia," Bi Anezina akasema, akasimama.

Walipanda kijijini kwa miguu, kwa sababu Bi Anezina hakutaka gari. Kina mama waliokuwa wakitoa ladenia kwenye tanuri la mwoka mikate, ule mkate wa nyanya na vitunguu, walimsalimia. Mmoja alimpa kipande, akamwambia pole kwa safari. Alikwenda akipapasa kuta kwa mkono wa kushoto, kona baada ya kona, bila kukosea. Loukia akawa nyuma yake na Stamatina nyuma ya Loukia. Kwenye kona ya kanisa mkono wake ulisimama.

"Mtini hausikiki," alisema.

Mtini uliokuwa uani ulikuwa umekatwa. Mahali pake palijengwa beseni kubwa la maji yanayobubujika, na ndani ya beseni walikuwamo kijana wa kiume na wa kike, wageni wa mbali, weupe kama jibini, kila mmoja ameshika glasi. Walipunga mkono. Bi Anezina, ambaye hakuwaona, aliitikia mbubujiko kwa kuinamisha kichwa.

Alifika mlangoni. Alitoa ufunguo, mrefu, wa chuma, wenye kutu ya kaburi, akautafutia tundu. Mkono wa kushoto ulitangulia kama kawaida yake, uonyeshe njia. Ulikuta kibao laini chenye vitufe. Ukapanda juu, ukashuka chini mpaka kizingitini, ukarudi kwenye kibao. Tundu halikuwepo. Alijaribu tena polepole, ubao kwa ubao, huku beseni likibubujika nyuma yake.

Stamatina alisogea pembeni akampigia simu daktari wa meno. Daktari alikuwa mtu mstaarabu.

"Pole sana kwa msiba," alisema. "Lakini nyumba imeshachukuliwa hadi mwisho wa Oktoba. Novemba nafunga maji na umeme. Aprili kuna siku mbili tatu wazi. Naweza kukuandikia usiku mmoja, na kwa sababu ya hali yenyewe nitakupunguzia."

Stamatina alimweleza mama yake. Alimwambia atalipa yeye.

"Utanilipia kitanda nilichokuzalia?" Bi Anezina aliuliza.

"Usiku mmoja tu, mama. Kisha utalisema."

"Mgeni hasamehi, mwanangu. Mgeni anaaga tu."

Akageuka, akalipapasa benchi la mawe lililojengwa ukutani kando ya mlango, lile la kukalia jioni, ambalo hakuna aliyelivunja kwa kuwa liliwapendeza watalii. Akakaa. Akaweka ufunguo mapajani.

"Basi nangoja hapa," alisema. "Nimeshazoea kungoja mahali pa kulala pasipo na kitanda."

Msichana wa beseni alitoka amejifunga taulo, akamletea maji na kipande cha limau ndani yake. Bi Anezina aliyashika mpaka yakapata joto.

Stamatina alirudi Pirea na meli ya kesho yake, kwa sababu alikuwa na kazi. Sanduku aliliacha. Tangu hapo huenda Kimolos kila anapopata nafasi, hupanda kwa miguu, hukaa kwenye benchi la mawe kando ya mama yake na kumletea koluri ya Pirea.

"Je, mama?" huuliza.

"Bado. Meli ya kurudi ni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Usiikose."

Frangiskos hajaenda, lakini hutuma salamu.

Udongo haukuacha kudondoka. Mwanamke anayekuja kutandika alilalamika kwamba unaingia ndani na miguu ya wageni, basi Loukia, ambaye sasa anaona kwa macho yote mawili, huufagia kila asubuhi. Hautupi. Alianza kuutia ndani ya lile sanduku la bati, maana lilikuwa limekaa bure. Lilipojaa akapanda mrehani, kama watu wa Kimolos wanavyoupanda kwenye mikebe ya mafuta. Mrehani umeota mnene hadi umeificha picha. Daktari wa meno alipokuja kukagua aliupenda, akampiga picha Bi Anezina akiwa kando yake na ufunguo mapajani, akaiweka mtandaoni, mbele ya picha nyingine zote za nyumba. Majira yaliyofuata alipandisha bei.

Wageni wanaoondoka huandika maoni yao kwenye simu. Wengi husifu mrehani na utulivu. Wiki iliyopita mmoja aliandika kwamba mlangoni kuna kikongwe marehemu, mpole, hana usumbufu wowote, ila maji ya moto bafuni yanachelewa sana. Daktari wa meno aliyasoma hayo akiwa kazini kwake Athene. Alimpigia simu fundi palepale, na kufikia jioni maji yalikuwa yanatoka ya moto.